Mguu wa Tangawizi

12 Januari

Mwanangu,

Nimefika salama. Dada yangu amelala chumba cha mbele, amefungwa kuanzia nyonga aliyovunjika alipoanguka, ila ulimi wake haukuvunjika hata kidogo. Ameshanigombeza kwa ajili ya chumvi na kwa jinsi ninavyofungua madirisha. Nimefurahi. Mtu anayekaribia kufa hana muda wa kugombania chumvi.

Mambo ya simu tuachane nayo. Juzi mume wako alinipigia, nikasikia "mama" tu, mengine yote yalikuwa kama mtu anakaanga kitu. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linafanya kazi linapojisikia. Niandikie. Barua haichoki kurudiwa.

Sasa Tangawizi. Mwanangu dereva hakai nyumbani, kwa hiyo haya yote yanakuangukia wewe. Mguu mbovu wa farasi wetu ni wa mbele, kushoto. Kano lililo nyuma yake, kutoka goti kushuka chini, limechanika na kuunga tena kila alipoanza kubeba watu, na kila likiunga halirudi kama mwanzo. Asubuhi mwagia maji baridi hapo mpaka ngozi ipoe. Kisha funga bendeji miguu yote miwili ya mbele, maana ule mzima ndio unaobeba mzigo wa mwenzake. Mtoe kwa kamba atembee polepole, mahali pagumu na tambarare, bila kona kali. Asikimbie. Hata akikutazama kwa yale macho yake ya kuombaomba, asikimbie.

Daktari wa mifugo atapita. Akikuambia jambo lolote kuhusu Tangawizi, msikilize yeye, usinisubiri mimi.

Najua unashona kutwa na una kazi zako. Sikuwa na mwingine wa kumwachia binti yangu.

Mama yako

30 Januari

Mama, shikamoo.

Barua yako tumeipata, na pole kwa kuuguza. Mwanao ameondoka juzi na mzigo, atarudi akijaliwa.

Tangawizi hajambo. Kano lake linaendelea vizuri. Uvimbe upo kiasi na joto lipo kiasi, lakini hakuna la kutia wasiwasi. Majani makavu anakula, pumba anakula, maji anakunywa. Matembezi yanafanyika kama ulivyoelekeza, kwa kuzingatia hali ya hewa. Daktari alipita akaangalia.

Mimi nimezidiwa na sare za shule, shule zimefunguliwa na kila mzazi amegundua leo kwamba mtoto wake amerefuka. Msalimie sana mama mkubwa.

Mkweo

11 Februari

Mwanangu,

Barua yako niliisoma, nikampa dada naye akaisoma. Akaniuliza, "Huyu ni mkweo au ni mtangazaji wa hali ya hewa?"

"Joto lipo kiasi." Kiasi gani? Joto la mguu halionekani kwa macho. Ukiniandikia hivyo naelewa jambo moja tu, kwamba hujaugusa. Na "matembezi yanafanyika." Yanafanywa na nani? Yanajifanya yenyewe?

Sikugombezi, nacheka. Nakumbuka wiki ya kwanza ulipoletwa nyumbani, ulivyokuwa ukipita mbali na banda umeshika gauni kama mtu anayevuka tope, na tope halikuwepo. Sema tu ukweli. Mguu hautatusubiri tumalize kuoneana haya.

Fanya hivi. Ingia akiwa anakula. Anza kuongea kabla hujamfikia, chochote, hata umbea wa mtaani. Anachotaka ni sauti. Simama ubavuni kwa bega, siyo mbele yake wala nyuma. Weka mkono begani, uache utulie, halafu shuka nao taratibu bila kuuondoa. Akisogea, sogea naye. Ukifika kwenye kano, libane kwa vidole viwili kama unavyopima kitambaa. Anza na mguu mzima ndipo uende kwenye mbovu. Tofauti itajisema.

Akikung'ata, mwambie nitapata habari.

Mama yako

2 Machi

Mama, shikamoo.

Umenikamata. Nilikuwa namrushia majani juu ya mlango na kukimbia. Maji nilikuwa namwagia kwa mpira nikiwa nje ya banda, na mengi yalikuwa yanampata puani. Bendeji alizofunga daktari zilikaa vilevile mpaka aliporudi akazifungua mwenyewe, nikaona aibu hadi masikio yakawaka. Ni mkubwa, mama. Nyie mliozoea farasi mnasahau jinsi alivyo mkubwa. Kichwa peke yake ni kama mtoto wa darasa la kwanza.

Barua yako ilipofika nilishinda nikishona kola moja na kuifumua. Kisha nikaenda. Nilimsimulia habari za yule mteja anayetaka gauni la mwili aliokuwa nao mwaka juzi. Tangawizi akaacha kutafuna, sikio moja likanigeukia, nikaona anafuatilia, nikaendelea hadi nikamfikia begani. Nikaweka mkono. Ngozi yake ikatetemeka palepale nilipogusa, na mimi nikatetemeka, tukawa tunatetemeka wote wawili. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yeye pia anaogopa.

Nilishuka mpaka kwenye kano. La mguu wa kulia ni kama mkanda mpya, limenyooka na lina ukingo. La kushoto ni kama mshono uliorudiwa juu ya mshono, lina vinundu, na lilikuwa na joto. Siyo "kiasi." Kama pasi iliyozimwa muda si mrefu.

Bendeji nazo nimezifumua nikazishona upya. Zilikuwa zinajikunja pembeni na kubana sehemu moja, sasa zinakaa sawasawa juu hadi chini.

Kuna jingine. Wewe unamwita binti yako. Kama yeye ni binti yako, na mimi nimeolewa na mwanao, basi huyu ni wifi yangu. Nimeanza kumwita Wifi. Sifa zote anazo: nikiingia ananikagua, usafi wangu haumridhishi, na chakula changu anakila chote huku amenuna.

Mkweo

20 Machi

Mwanangu,

Kwa habari ya wifi yako, dada alicheka mpaka nikamwambia ashike nyonga. Sasa kila mchana ananiuliza, "Wifi hajaandika?" Hajui tena anamuulizia nani kati yenu.

Hujawahi kuniuliza nilimpataje, na mimi sikuwahi kukuambia. Alikuwa farasi wa mashindano. Nilimkuta kwenye uwanja wa mazoezi amefungwa peke yake pembeni, mguu umevimba, anasubiri gari. Sikuuliza gari la kwenda wapi. Nilirudi naye nyumbani tukitembea, na baba yenu, Mungu amrehemu, alipofungua geti akasema, "Nilikutuma kamba ya kuanikia nguo." Nikamjibu kwamba kamba nimeleta, ila ina kitu mwisho wake.

Mguu ulipotulia ndiye aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kupanda. Alikuwa akihisi mtoto anateleza mgongoni, anasimama mwenyewe na kusubiri ajipange. Hakuna aliyemfundisha hilo. Na baba yenu alipofariki, watu walikuja kunipa pole na maneno mengi mazuri ambayo sikuyasikia. Yeye alinipa shingo, nikailalia, akatulia mpaka nilipomaliza.

Endelea na maji baridi. Kama joto limepungua, ongeza matembezi kidogo tu.

Mama yako

15 Aprili

Mama, shikamoo.

Limepungua! Nilidhani vidole vyangu vinanidanganya, nikamwita daktari. Akaja na kile kipimo cha picha, kama cha wajawazito, akampaka Wifi mafuta mguuni, akanionyesha. Ndani ya kano palikuwa na doa jeusi, sasa limeanza kujazwa na nyuzi. Mimi kwenye ile picha niliona mvua tu, lakini nilitingisha kichwa. Daktari akasema nyuzi mpya huwa zinalala ovyoovyo, na matembezi ndiyo yanayozipanga zielekee upande mmoja. Hapo nikaelewa vizuri sana. Kitambaa ukikikata bila kufuata uzi wake, kitaharibika siku ya kwanza kufuliwa.

Tunatembea asubuhi na alasiri, kandokando ya ukuta hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Majirani wananiita afande. Wifi akichoka haniambii, anasimama tu na kutazama mbali kana kwamba amekumbuka jambo muhimu, na mimi nasimama naye ili asione aibu.

Mwanao analalamika eti siku hizi nanukia banda. Nimemwambia hiyo ni harufu ya ukoo wake.

Mkweo

6 Juni

Mwanangu,

Mei yote imepita bila neno lako. Mwanzo nilisema ni sare za shule. Halafu nikasema ni posta. Dada naye ameacha kuuliza, na dada akiacha kuuliza jambo ujue ameshajijibu.

Wiki iliyopita mume wako alipitisha lori hapa. Alikaa sebuleni kama mtu aliyekuja msibani. Akala kila kitu, akasifia mchuzi ambao dada aliukataa. Nikachukua karatasi nikamwandikia, "Tangawizi?" Akaandika chini yake, "Yupo." Kisha akatoka kwenda kuosha lori ambalo halikuwa na uchafu.

Nimemzaa mimi. Najua anavyoandika akiwa na jambo.

Kama amekufa, niambie. Sitamlaumu mtu, wala sitauliza nani alikosea. Niambie tu kama alikuwa amesimama au amelala, na ni nani aliyemshikia kichwa. Kama mmemweka mahali, niambie ni upande gani wa uwanja. Nikijua, nitalia vizuri nimalize. Kwa sasa nalia nusunusu, dada asinione.

Mama yako

19 Juni

Mama, shikamoo.

Yu hai. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa umekaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei, alasiri. Nilikuwa namrudisha kutoka matembezini, mwanao akaingia na lori uani. Hakutuona. Alipovuta breki, ule upepo ukatoka kwa kishindo na Wifi akaruka. Nilishika kamba ikanichuna viganja vyote viwili, kisha ikaniponyoka. Akakimbia uwanja mzima, mkia juu, na mama, alikuwa mzuri. Nilikuwa napiga mayowe na bado niliona kwamba ni mzuri. Kisha akasimama. Mguu wa kushoto ameuning'iniza, hataki hata ncha ya ukwato iguse chini.

Daktari alikuja, akachuchumaa karibu na mguu kwa muda mrefu. Akaniambia, "Dada, nadhani tumefika mwisho." Mwanao akasema kama ni hivyo basi asiteseke. Usimfikirie vibaya. Lori ni lake, na alikuwa anajilaumu. Mimi nikasema mwenye farasi hayupo, hatuwezi kuamua. Daktari akajibu, "Mwenye farasi alishaamua."

Ndipo akanieleza. Kwamba kabla hujasafiri alikuambia kano likichanika tena haitakuwa haki kumwacha aendelee kuishi na maumivu. Na kwamba ulimjibu, "Basi namwacha kwa mkwe wangu. Yeye farasi hawapendi, hataumia."

Mama, nilikuwa nimesimama pale na ndoo, viganja vinatoka damu. Kumbe ulinichagua kwa sababu simpendi. Sasa nampenda. Utanifanyaje?

Ndiyo maana sikuandika. Nilianza barua mara kadhaa na zote zilikosa adabu, nikazichana.

Nilimwomba daktari anipe muda. Akasema muda si wangu wala si wake, ni wa Wifi. Akiacha kula, au akilala ashindwe kuamka, au akianza kuugeukia ukuta, nimwite siku hiyohiyo bila mjadala. Nikakubali. Akamfunga mguu kwa ubao na bendeji hadi juu, akaacha dawa za maumivu.

Nimehamishia cherehani bandani. Nashonea mlangoni kwake ili nimwone. Mlio wake ameuzoea, nikinyamaza kidogo kuvuta uzi anagonga mlango kwa kichwa. Hajaacha kula hata mlo mmoja. Analala, anaamka, anaguna kama bibi kizee lakini anaamka. Juzi aliweka ukwato wote chini na kuuacha hapo. Nimeshonea watu nguo za harusi ambazo zina nywele za farasi kwenye pindo, na sijaziondoa zote.

Mwanao sasa anaegesha lori barabarani na kuja kwa miguu, viatu ameshika mkononi.

Mkweo asiyependa farasi

1 Julai

Mwanangu,

Daktari amekuambia kweli. Nilisema hivyohivyo.

Kabla ya Tangawizi nilikuwa na farasi mwingine, dume jeusi. Siku yake ilipofika nilimshika kichwa mimi mwenyewe, naye alinitazama kwa imani mpaka mwisho. Kwa muda mrefu baadaye sikuweza kumtazama mnyama yeyote machoni. Dada alipoanguka nilihuzunika, lakini ndani yangu kuna pahali palipopumua, kwamba nimepata safari. Nikaona nikimwacha kwa mtu ambaye moyo wake haumo, hakutakuwa na wa kuumia. Sikukutesa kwa makusudi. Nilikudhania mtu mwepesi, na hilo ndilo ninalokuomba unisamehe.

Zile barua zilizokosa adabu ungezituma. Ningezisoma zote.

Kama anaweka ukwato chini, usimshangilie akakuona, atajaribu kukufurahisha. Majani umpe, pumba punguza, asinenepe, asipate nguvu za kuruka. Bendeji ya mguu wa kulia uiangalie mara kwa mara, huo sasa unafanya kazi ya miwili.

Na mimi nina habari. Nyonga ya dada haitarudi. Atatembea kwa fremu ya chuma, kitandani hadi msalani, basi. Hakujaliwa mtoto, na majirani zake ni watu wema wa kupita na kusalimia. Siwezi kumwacha. Nilikuwa nikiota Tangawizi akipona aje huku, lakini ua wa hapa ukianika shuka mbili umejaa. Kwa hiyo sitarudi, mwanangu. Tangawizi ni wako. Mwanzo nilikupa kwa sababu humpendi. Sasa nakupa kwa sababu ile nyingine.

Mama yako

24 Agosti

Mama, shikamoo.

Yameisha kati yetu. Sikuandika haraka kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na jambo la kusema.

Ubao umetolewa. Tumeanza tena, kutoka bandani hadi kwenye kamba za nguo na kurudi, baadaye kuzunguka nyumba, na sasa tunafika kwenye uzio. Daktari alikuja na kipimo chake. Amesema kano limeunga kwa kovu gumu, mguu utabaki mnene hivyo maisha yake yote, na hatambeba mtu tena, hata mtoto. Alilisema kwa sauti ya kutoa pole. Nikamuuliza, "Akitembea anaumia?" Akasema haumii. "Akilala?" Haumii. Nikamwambia, "Sasa mbona unanipa pole?" Akacheka, akafunga mkoba wake, akaomba maji ya kunywa. Aliyanywa akiwa amemwegemea Wifi, na Wifi alimwachia.

Zawadi yako nimeikataa. Huwezi kunipa binti yako ukabaki huko unalia nusunusu.

Nimeongea na mwanao. Cherehani haina mpango wa kurudi ndani, wateja wamezoea kupimwa bandani, na wengine wanakuja na karoti. Kwa hiyo chumba cha kushonea kiko wazi. Hakina kizingiti, dirisha linatazama uwanja, na msala uko mlango wa pili. Mwanao amevunja ngazi ya nyuma akamwaga zege la mteremko ili fremu ipite. Chumba amekipaka rangi yeye mwenyewe, sitasema zaidi. Mlete mama mkubwa. Mguu wa Wifi hauwezi kusimama kwenye lori safari yote hiyo, lakini nyonga ya mama mkubwa inaweza kukaa kiti cha mbele na mito, na dereva tunaye.

Usiseme utafikiria. Nimeshashona mapazia.

Mwanao

9 Septemba

Mwanangu,

Dada amekataa. Amesema katika umri wake haendi kuishi na watu wanaoshona pamoja na farasi. Alikataa Jumatatu, akakataa Jumanne. Jumatano akaniambia nimletee barua zako zote, nizisome kwa mfululizo. Nikasoma. Tulipofika kwenye ile ya breki, akaninyang'anya akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Akaikunja. Kisha akasema, "Huyu mtoto alishika kamba mpaka ikamchuna. Mimi nani amewahi kunishika hivyo?" Nikamwambia, nipo mimi hapa. Akasema, "Wewe ulikuja kwa kukimbia farasi." Mwanangu, tukacheka mpaka tukalia, vikongwe wawili juu ya kitanda kimoja.

Ameniambia niandike masharti yake. Harufu ya banda isimfikie akiwa anakula. Dirisha liwe la kufungulia kwa ndani. Na huyo farasi asije akaambiwa ni mwanawe, maana akiwa binti yangu basi dada ni mama yake mkubwa, na hakuulizwa.

Nyumba tumeshapata mtu wa kuikalia. Mume wako akipita mwanzoni mwa Oktoba atatuchukua.

Mimi nina woga wangu. Nilimuaga Tangawizi kwa kumpapasa haraka kama mtu anayezima taa akitoka. Sijui nitasimama mbele yake kwa sura gani. Wewe ulisimama na ndoo. Mimi nilipanda gari.

Mama yako

4 Oktoba
Mezani, jikoni

Mwanangu,

Tumefika. Mume wako aliahidi kulala njiani, hakulala, kwa hiyo tumewahi kuliko tulivyosema. Mlango ulikuwa wazi na nyumba haina mtu. Dada yuko chumbani kwake, ameshatangaza kwamba rangi ni ya zahanati, na amelala juu ya mapazia uliyokuwa hujayatundika. Mume wako amelala kwenye kiti, funguo mkononi.

Nyinyi mko uwanjani. Nawaona kutoka hapa nilipokaa.

Nilitoka hadi kwenye mteremko, nikafungua mdomo kukuita. Nikaona unamsimulia jambo, mkono mmoja unachora hewani, na yeye ameshusha pua begani kwako, kamba imelegea. Nikaufunga mdomo. Niliangalia kichwa chake. Farasi anayechechemea huinua kichwa kila mguu mbovu unapogusa chini, na kwa miaka yote niliyokaa naye nimekiona kile kichwa kikipanda, hata siku nilizowaambia wazazi wa watoto kwamba amepona kabisa. Nimewatazama mkienda mpaka kwenye uzio. Nimewatazama mkirudi. Kichwa kimetulia, mwanangu. Mguu mnene kweli, kama wa mtu mwingine, na anautumia kama wake.

Naandika kwa sababu mkono umeshazoea kukueleza mambo, na kwa mdomo nisingefika mwisho. Sikuwaita. Hayo ni matembezi yenu, yaishe yenyewe.

Chai iko kwenye chupa. Ukiingia usinishtue, sitakusikia. Niguse bega. Kunywa kwanza, halafu unipeleke kwake. Nitasimama nyuma yako, na wewe ndiye utakayeongea. Usimkumbushe mimi ni nani. Nitambulishe tu kama mgeni aliyefika leo. Mwambie mama yako wewe amekuja.

Mama yako